Miguu ya Mzee wa Dirishani

Maktaba ya mjini Mwanza ilikuwa na sheria moja iliyotutesa watu wa huku kuliko zote: huruhusiwi kusalimia. Kibao kilikuwa kimepigiliwa juu ya mlango wa chumba cha magazeti, herufi nyekundu, KIMYA. Sasa wewe fikiria. Mimi nimelelewa kwa Wasukuma, ambako ukikutana na mtu njiani mnaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mvua na za ng'ombe, na kama hakuna ng'ombe mnaulizana hivyo hivyo, ndipo kila mmoja ashike njia yake. Humo ndani anaingia mzee wa umri wa kumzaa baba yako, na wewe unabaki umeinamia karatasi kama hukumwona. Siku za mwanzo nilikuwa napiga goti nikiwa nimekaa hapo hapo kwenye kiti. Goti linagonga meza, na mama wa maktaba ananitazama juu ya miwani yake.

Nilikuwa msichana wa chai. Shule niliiachia kidato cha pili, mwaka ambao kiwanda cha kuchambua pamba alikofanya kazi baba kilifungwa, na ada nayo ikapanda kana kwamba vilikuwa vimeagana. Nikaja kukaa kwa mama mdogo Igoma. Asubuhi nilibeba chupa kubwa ya chai na ndoo ya maandazi, nikizunguka kwenye maduka na karakana za mjini. Ikifika saa nne biashara imekwisha, naacha ndoo kwa mlinzi wa maktaba, naingia kusoma magazeti mpaka adhuhuri. Nilikuwa na ndoto zangu. Nilitaka kuwa mtangazaji wa redio, yule anayesoma taarifa ya habari kwa sauti ambayo hata mbwa anatulia. Kwa hiyo nilisoma kwa midomo, bila sauti, na kila nikimaliza ukurasa nilijiambia moyoni, na huo ndio mwisho wa habari.

Magazeti yalikuwa yamebanwa kwenye fimbo ndefu za mbao ili mtu asiondoke nayo. Yalikuwa mengi miaka hiyo, kila mwezi linazaliwa jipya, maana kila kitu kilikuwa kimeruhusiwa. Na wasomaji wa asubuhi walikuwa wengi pia. Hao hawakuwa wanafunzi. Walikuwa watu wazima waliopunguzwa kazini, mashati yamepigwa pasi, wakikaa kwenye viti vile kama watu walio ofisini. Mmoja alikuwa fundi wa reli, mrefu, mwenye mikono mikubwa, ambaye alianza na kurasa za matangazo ya kazi na kumalizia na hizo hizo. Tulikaa hivyo miezi na miezi, bega kwa bega. Ningeweza kumtambua kila mmoja wao kwa kikohozi chake, lakini jina hata la mmoja sikulijua. Nao hawakulijua langu. Tulisoma, tukainuka, tukaenda.

Yule tuliyemheshimu kuliko wote alikuwa mzee wa dirishani. Kiti chake kilikuwa kile kilichotazama nje, na hakuna aliyekikalia hata akichelewa. Alivaa koti la kahawia lililofungwa vifungo vyote, viatu vyeusi vinavyong'aa, na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alisoma kwa namna ya ajabu. Anasoma ukurasa mmoja, anafumba macho, midomo inacheza, anafumbua, anautazama tena kama anayejisahihisha, ndipo afungue mwingine. Bei za pamba, mambo ya vyama, mpira, vifo, vyote. Sisi tuliamua kimoyomoyo kwamba ni ofisa mkubwa mstaafu. Labda mkuu wa wilaya wa zamani. Mtu wa nyumba yenye maua.

Mimi alinizoea, maana nje kwenye ngazi kibao cha KIMYA hakikufika.

"Bibi," aliniambia siku moja, kwa ule utani wa babu na mjukuu, "leo umenipikia nini?"

"Shikamoo babu. Hujaleta mahari, utakula nini?"

"Marahaba. Mahari yanakuja, ng'ombe wako njiani."

"Njia gani hiyo, babu? Tangu mwezi uliopita wako njiani, si watakuwa wamezaa!"

Alicheka mpaka miwani ikakaa upande. Nikampa andazi, naye akalifunga kwenye leso bila kulionja. Nilidhani ni maringo ya wakubwa, hawali njiani.

Siku aliyoanguka, kilichotushtua ni fimbo ya gazeti. Ilidondoka sakafuni, na katika chumba kile ilisikika kama bunduki. Nilipoinua macho, mzee alikuwa ameinamia meza, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia. Fundi wa reli alimbeba kifuani kama mtoto. Mlinzi akasimamisha mkokoteni wa mizigo uliokuwa unapita, tukatandika makoti ya watu, tukampeleka hospitali ya mkoa. Mimi nilikimbia pembeni nimeshika miwani yake.

Muuguzi wa zamu hakuwa na muda wa kupoteza. "Ndugu yake ni nani hapa?"

Tukatazamana. Fundi wa reli akakohoa kile kikohozi chake.

"Jina lake?"

Kimya, kama tuko maktaba. Kusoma magazeti hakukuhitaji kadi, kwa hiyo hata mama wa maktaba hakuwa na jina la kutupa. Mifukoni mwake mlikuwa na leso na kitana.

"Mimi mjukuu wake," nikasema. Sijui ilitokea wapi. Labda ni ule utani tu uliokuwa haujaisha mdomoni.

"Haya mjukuu. Babu anaitwa nani?"

"Babu."

"Babu nani?"

"Sisi nyumbani tunamwita Babu tu."

Muuguzi alinitazama muda, akatazama miwani ya mzee mkononi mwangu, akaguna. Lakini kitanda alitoa. Tulipokuwa tunatoka alimvuta fundi wa reli kando, na mimi nina masikio. "Kaka, hiki ni kiharusi kikubwa. Sauti imeondoka na sijui kama itarudi. Tafuteni watu wake. Akikata roho hana mtu, atazikwa na manispaa. Gari linakuja, linawachukua hata watatu kwa pamoja, basi."

Niseme nini hapo ili anielewe na mtu wa mbali? Kwetu maskini anazikwa na watu. Mlevi anazikwa na watu. Hata mwizi, wanakijiji wakishamtukana vya kutosha, wanachukua majembe. Mtu asiye na wa kumlilia, asiye na wa kukaa chini kwa ajili yake hata siku moja, huyo ni kana kwamba hakuzaliwa. Na huyu alikuwa ameniita bibi.

Asubuhi iliyofuata mama wa maktaba alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alisimama katikati ya chumba cha magazeti, akavua miwani, na kwa sauti akauliza, "Nani anamjua mzee wa dirishani?"

Basi chumba kikafunguka kama mlango wa zizi. Kumbe wote tulikuwa na sauti! Kila mtu alitoa alichokiona: anatoka adhuhuri kabla ya watu wote, anapenda bei za pamba, Kiswahili chake kimenyooka, koti halina doa. Mmoja akasema aliwahi kumwona anapanda barabara ya mlimani. Ikathibitika, ni ofisa. Mlinzi, ambaye ni mtu wa Mara na kwa kawaida haachi kusema, alisimama mlangoni na kutazama nje. Sikulitilia maanani.

Tukagawana. Wengine uji, wengine supu, kila mmoja zamu yake, maana pale hospitali asiye na mtu wa kumletea chakula anashinda na maji. Hao hao watu waliokuwa hawana kazi, waliokuwa wakija maktaba ili wasionekane nyumbani mchana, sasa walikuwa wanapishana kwenye lango la hospitali na vibakuli vimefunikwa sahani. Fundi wa reli alimnyoa ndevu. Mama wa maktaba alikuja jioni baada ya kufunga, akamsomea gazeti kwa sauti ya chini, na mzee alifumba macho, upande mmoja wa midomo ukicheza.

Mimi na fundi wa reli tulipewa kazi ya kutafuta ndugu. Tukapanda mlimani kwenye nyumba za wakubwa, kati ya yale mawe makubwa, geti hadi geti. "Mnamfahamu mzee mwenye koti la kahawia?" Msichana mmoja wa kazi alitucheka waziwazi. "Dada, huku wazee wote wana makoti. Wewe unauza au unanunua?" Geti jingine mbwa alitutoa mbio, na fundi wa reli, pamoja na urefu wake wote, akanitangulia. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikakumbuka tulichokuwa tunatafuta, kicheko kikaniganda. Siku zilikuwa zinapita na mzee alikuwa anakonda kama sabuni.

Kisha ikafika zamu yangu ya kumwogesha. Kazi hiyo hufanywa na ndugu, na kwa karatasi za hospitali ndugu nilikuwa mimi. Fundi wa reli alimaliza mwili, akaniachia miguu. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda na beseni la maji ya uvuguvugu, nikaondoa soksi.

Nimekua kando ya ziwa. Miguu ya ofisini naijua na miguu ya majini naijua. Hii ilikuwa na vidole vilivyotawanyika kama vya bata. Nyayo zilikuwa nyeupe na laini kwa kulowa, na pembeni zilikuwa na nyufa zilizojaa tope jeusi lisilotoka hata nilipolisugua kwa kitambaa. Juu kidogo ya kifundo, kwenye vinyweleo vya mguu, palikuwa na nyuzi za mizizi, nyembamba, kavu, za rangi ya samli. Magugu maji.

Nikainua macho. Mzee alikuwa ananitazama. Chozi likamtoka kwenye lile jicho zima, akageuza uso ukutani. Nikaifuta miguu yake polepole, nikaifunika shuka vizuri, pande zote, kama mtu anayefunika chakula cha mgeni. Nikamwambia, "Babu, mimi ni bibi yako. Mke haoni miguu ya mumewe." Ndipo nikatoka nje nikalia karibu na bomba.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mlinzi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mzee anaendeleaje?"

"Baba, mzee alikuwa anakuja na viatu?"

"Si ulikuwa unamwona. Alikuwa anakuja na viatu."

"Mguuni?"

Akavua kofia yake, akaigeuza, akaivaa tena.

"Mkononi," akasema.

Nikakaa kwenye ngazi. Akaniambia yote huku anatazama barabarani. Kila asubuhi kabla ya kufungua, mzee alifika peku, suruali imekunjwa, tope mpaka magotini, na mfuko wa plastiki ndani yake koti na viatu. Alikwenda kwenye bomba la nyuma, akajisugua, akavaa, akaja mbele kama mtu aliyeshuka kwenye gari. Wakati akinawa, mlinzi alimpa mgongo. Hawakuwahi kulizungumza hata siku moja.

"Sasa baba, mama alipouliza mbele yetu mbona hukusema?"

"Mbele ya watu wote wale?" Alinigeukia, macho yamemtoka. "Mwanangu, mtu mzima ameficha miguu yake muda wote huo. Mimi nikamvue viatu hadharani, na yeye hana hata mdomo wa kujitetea? Nilisema ndugu zake watamtafuta, watakuja wenyewe. Nilingoja waje."

Sikuweza kumlaumu. Heshima tuliyofundishwa ilikuwa hiyo hiyo, na heshima hiyo ndiyo ilikuwa inampeleka mzee kwenye gari la manispaa.

"Tope hilo linatoka wapi?"

"Jeusi vile, lenye mizizi? Si hapa mjini. Ni kule mbele ya Ilemela, kuna vighuba vimefunikwa na magugu maji. Mtu akitoka huko lazima apite ndani ya tope kabla hajafika njia kuu. Nendeni ufukweni, ulizeni." Kisha akaongeza taratibu, "Lakini msiseme ni mimi."

Tulitoka alfajiri ya siku iliyofuata, mimi na fundi wa reli. Ndoo yangu niliiacha nyumbani, na mama mdogo akanifokea mpaka nikapotea kwenye kona. Tulipita nyumba zilizobandikwa juu ya mawe, tukapita mashamba ya mihogo, tukauliza mwalo hadi mwalo, kila mahali wavuvi wanapoegesha mitumbwi. Mchana tukatokea juu ya kilima kidogo, na chini yetu ziwa halikuwapo. Palikuwa na shamba la kijani, bichi, limejaa maua ya zambarau mpaka unapoishia upeo wa macho. Lilikuwa zuri, na uzuri wake uliniumiza. Mitumbwi ilikuwa imekwama ndani yake kama nzi ndani ya uji. Tukakunja nguo, tukapita kwenye tope, likatufika magotini, jeusi.

Ulikuwa mwalo wa watu wachache. Vichanja vya kuanikia samaki vilikuwa vitupu. Juu ya jiwe moja tambarare kulikuwa na betri za redio zimeanikwa juani, zinatafuta nguvu ya mwisho. Na chini ya banda la kushonea nyavu walikuwa wamekaa watu, wanaume kwa wanawake, hawafanyi kitu, nyuso zimeelekea njia tuliyotokea sisi.

Mama mmoja mzee akainuka. Macho yake yalikuwa mekundu kabisa, ya mtu aliyebanika samaki maisha yake yote.

"Mwadila, mayu," akanisalimu yeye kwanza kwa Kisukuma, akiniita mama, kabla hata sijapiga goti. "Mmetoka mjini? Mzee wetu mmemwona?"

Nikatikisa kichwa tu, ndiyo, ndiyo, na fundi wa reli akaeleza.

Walitukalisha wakatueleza nao. Mzee alikuwa mchochea tanuri kwenye meli, akapunguzwa, akafika pale na koti lake na mfuko wake kuomba mahali pa kulala. Nyumbani kwao wapi, hakusema. Upande wa pili wa ziwa, walidhani. Mwaka huo magugu yakaingia. Wanunuzi wa samaki wa viwanda wakahamia mialo iliyo wazi. Njaa ikaja, na nyuma ya njaa yakaja maneno.

"Watu wakaanza kuniangalia macho," alisema yule mama mzee, bila kupandisha sauti. "Unajua tena huku kwetu, mayu. Kikongwe mwenye macho mekundu na ziwa limefungwa. Vijana wakawa wakipita mlangoni kwangu hawasalimii. Nikajua siku zangu zinahesabiwa."

Nilijua. Kila mtu wa kanda yetu anajua, na mapanga yanayofuata anayajua.

"Huyu mzee akasema, ngojeni, nitakwenda mjini kwenye nyumba ya magazeti niulize. Akaenda kwa miguu. Akarudi jua linapinda, akatukusanya hapa, akafumba macho, akasema, ukurasa wa kwanza. Akalitoa gazeti lote kichwani! Akatuambia magugu yako Kenya, yako Uganda, serikali zote tatu zimekaa kikao. Kisha akawageukia vijana, akawauliza, haya, huyu bibi kizee atakuwa ameloga mpaka Uganda, kwa nauli ya nani?"

Banda zima likacheka, hata vijana wawili waliokuwa nyuma, ingawa wao walicheka wakitazama chini.

"Tangu siku hiyo wanasalimia," akasema mama mzee. "Naye tangu siku hiyo hakupumzika. Walimwambia, kesho tena. Kila siku anakwenda, kila siku anarudi na kurasa zake. Bei ya pamba, mpira, wapi wanataka vibarua. Mashine za kukata magugu zinakuja, hazijaja, zinakuja. Wengi hapa tungeshatawanyika. Lakini mtu unasema, ngoja nisikie kwanza kesho inasemaje. Alipoacha kurudi tukadhani ametuchoka. Tukasema, ni haki yake, ametembea mno." Akanitazama. "Na maandazi yalitoka kwako? Alikuwa anayakata vipande, kila mtoto kidogo."

Walikuja jioni hiyo hiyo, wote walioweza kutembea. Muuguzi alipoona kundi lile la watu wenye tope miguuni alitaka kuzuia, kisha akaniona mimi mbele. "Mjukuu," akasema, "hawa nao?" Nikajibu, "Ndiyo ukoo wenyewe." Akafungua mlango.

Mama mzee alisimama kando ya kitanda, mikono kiunoni. "Wewe mzee! Watu tumekaa bandani shingo zimetukauka, kumbe mwenzetu umelala kitandani na shuka nyeupe! Habari za Jumatatu ziko wapi?" Mzee akatoa sauti, haikuwa neno, ilikuwa ya chini na ndefu. Mkono wa kushoto ukainuka wenyewe kutoka kwenye shuka. Mama mzee akaushika, akakaa chini sakafuni, na hakuuachia. Baadaye aliifunua miguu ya mzee, akaiweka mapajani pake na kuikanda, na mara hii mzee hakugeuza uso.

Aliishi siku chache tu baada ya hapo. Alifariki mchana, mama mzee ameshika miguu, vijana wawili wa mwaloni wamesimama dirishani. Gari la manispaa halikumgusa.

Tulimzika kwenye kimwinuko juu ya mwalo, ziwa lote la kijani likiwa chini yetu. Wasomaji wa asubuhi walikuja wote. Mlinzi alikuja na jembe. Mama wa maktaba alichelewa, na tulipomwona anapanda kutoka kwenye tope tulisahau kulia. Alikuwa peku, sketi yake ya kazini ameikunja mpaka magotini, viatu mkono mmoja, na mkono wa pili ameinua juu gazeti la siku ile, likiwa bado kwenye fimbo yake. Mtu ambaye hajawahi kuruhusu hata ukurasa mmoja utoke mlangoni.

Ikafika saa ya kusoma wasifu wa marehemu. Mzee mmoja wa pale mwaloni akasimama, akaanza, "Marehemu alizaliwa..." akakoma. Hatukujua alizaliwa wapi. Akaanza tena, "Marehemu ameacha mjane..." akakoma. Watu wakainamisha vichwa. Aibu ikatushika wote, sisi tuliokaa naye meza moja bila kumuuliza, na wao waliokula naye chungu kimoja bila kumuuliza, kila upande kwa heshima.

Mama wa maktaba alinisogelea, akaniwekea ile fimbo mikononi.

"Soma," akasema.

"Mama, ni kaburini hapa."

"Ndiyo. Soma kwa sauti."

Nikasimama juu ya udongo uliofukuliwa. Sauti yangu ya redio, ile niliyoifanyia mazoezi kwa midomo miezi yote, haikuja; ilikuja ya kawaida, ile ya kuuzia maandazi. Nikasema, "Ukurasa wa kwanza." Na watu wote wa mwalo, kwa mazoea, wakakaa chini kwenye majani. Nikasoma habari za bungeni. Nikasoma kwamba mashine za magugu zimefika bandarini, na mtu mmoja akaguna, "Tumesikia." Nikasoma mpira. Nilipofika kwenye bei za pamba nilizipita haraka, kwa kuwa machozi yalikuwa yananiziba maandishi, na kwa kuwa nilidhani hakuna anayezihitaji mahali kama pale.

"Mayu," aliita babu mmoja kutoka nyuma, sikio amelikinga kwa kiganja. "Mwenzetu hakuwa anakimbia hapo. Rudia pamba."

Nikafuta macho kwa bega, nikashika fimbo vizuri, nikarudia.